Tupeane uzoefu: Ulimwacha Mungu, Yeye hakukuacha

Mwanzisha mada
Bwana asifiwe wapendwa. Kikundi chetu cha Biblia kinasoma Hosea na tumefika sura ya 3, nami nimeshindwa kuendelea mbele. Nabii anaambiwa aende tena akampende mwanamke mzinzi, jinsi Bwana anavyowapenda Israeli huku wao wakiigeukia miungu mingine. Wengi tunamsoma kuwa ni Gomeri, mkewe yule yule wa sura ya 1, mama wa wale watoto watatu. Hosea anakwenda na kumnunua kwa vipande 15 vya fedha pamoja na homeri moja na nusu ya shayiri.

Hebu tuitazame hiyo bei. Kwenye Kutoka 21 fidia ya mtumwa aliyepigwa pembe na ng'ombe ni shekeli 30 za fedha. Hosea ana nusu yake, na iliyobaki anajazia nafaka. Sheria ilimpa njia ya kumwacha huyu mwanamke na hakuna jirani ambaye angemlaumu. Badala yake anakomba mpaka shayiri ya ghalani ili mkewe arudi nyumbani, na mwanamke mwenyewe hatujasikia akiomba msamaha hata kwa neno moja. Kwangu hapa ndipo penye moyo wa kitabu: upendo ulitangulia, toba ikaja nyuma.

Nisingependa tupeane mahubiri, hayo tunayo ya kutosha. Kama uliwahi kuondoka, nini kilikurudisha? Na kama wewe ndiye uliyebaki ukimngoja mtu, tuambie pia.

Mvuvi wa Ukerewe
Amina mtumishi. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Nilikulia kwaya ya vijana, lakini nilipopata mtumbwi wangu na karabai zangu, wenzangu mwaloni wakaniambia ziwa halivuliwi kwa maombi matupu. Nikaenda kwa mganga, nikapewa dawa ya kufunga kwenye mtumbwi. Giza lililofuata dagaa wakaja kwa wingi, nami nikaamini dawa imefanya kazi. Kanisani nikaacha kwenda, maana ningekaaje pale na kile kitu mtumbwini?

Watu wakisikia ushuhuda wa aina hii husubiri nifike mahali mtumbwi ulipozama. Haukuzama. Biashara ilikuwa nzuri, nikajenga. Kilichonirudisha ni mzee wa kanisa kuja kwangu kwa mambo ya msiba wa jirani, akanishukuru kwa uaminifu wangu katika ahadi. Nikamwambia umenifananisha, baba. Akasema hapana, bahasha zako zinaingia kila mwezi kwa namba yako. Kumbe mama yangu, anayeuza mihogo sokoni, ndiye aliyekuwa akizijaza kwa jina langu. Kwenye bahasha anaandika "shukrani kwa ajili ya dagaa."

Baadaye nilipokutana na Hosea 2:8, Mungu akisema yule mke hakujua kwamba ni Yeye aliyempa nafaka na divai na mafuta, na fedha ambayo wakaitumia kwa Baali, nilifunga kitabu nikatoka nje. Israeli walidhani Baali ndiye mwenye mvua. Mimi nilidhani dawa ndiyo yenye dagaa. Na muda wote huo Mwenyewe alikuwa ananilisha, hakunikatia.

Mama wa Kitale
Mvuvi, mama yako abarikiwe sana. Nimelia.

Dada Mkimya
Samahani, najua nitaharibu hali ya hewa. Kitabu hiki kilitumika kunirudisha kwa mume aliyekuwa akinipiga na kuleta wanawake nyumbani. Wazee walikaa kikao, wakafungua sura hii ya 3, wakaniambia, "Hosea alivumilia, wewe ni nani?" Nilirudi, na mkono wangu wa kushoto haujanyooka mpaka leo. Sasa naishi na wanangu kwa dada yangu. Nampenda Mungu, lakini Hosea siwezi kumsoma.

Mama Mchungaji
Mwanangu, hujaharibu kitu. Naomba nikujibu kama mama yako.

Agizo lile alipewa nabii mmoja, kwa jina, liwe ishara kwa taifa zima. Halikuandikwa liwe sheria ya ndoa, na aliyekurudisha kwenye kipigo kwa kutumia andiko hilo alilipotosha. Nenda sura ya 4. Kabla hajafika kwenye sanamu, Mungu anataja kuapa uongo, kuua, kuiba, kuzini, na damu inayofuata damu. Hayachukulii kuwa mambo madogo ya nyumbani. Kisha mstari wa 14, ambao wazee wale hawakukusomea: Mungu anasema hatawaadhibu binti zao kwa uzinzi, kwa sababu wanaume wenyewe ndio wanaojitenga na makahaba. Katika nchi ile ambayo wanawake ndio waliobebeshwa lawama, Mungu aliwageukia waume.

Tena, ukitafuta nafasi yako katika kitabu hiki, wewe hujakaa kwa Gomeri wala hulazimiki kukaa kwa Hosea. Aliyesalitiwa humo ni Mungu. Anajua inavyouma, akiwa upande wako. Kaa kwa dada yako, mwanangu. Mkono huo umeonwa na daktari?

Dada Mkimya
Asante mama. Mstari wa 14 sikuwahi kuusikia. Daktari nilienda, nafanya mazoezi ya viungo.

Mkatoliki wa Songea
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sina kisa kikubwa. Nilipoa tu, mwaka ukafuata mwaka. Jumuiya ilipokuwa zamu ya kusali nyumbani kwetu mimi nilikuwa naaga kabla hawajafika. Nilirudi kwenye kitubio kwa sababu ya ubatizo wa mjukuu. Nilijiandaa kwa maelezo marefu ya kwa nini nimepotea miaka mingi hivyo. Padre alinisikiliza, hakuuliza nilikuwa wapi. Malipizi aliyonipa ni kusoma Zaburi ya 136 kwa sauti. Ina mistari 26, na kila mmoja unarudia kwamba fadhili zake ni za milele. Kufika kama mstari wa kumi nilidhani nimeelewa. Kufika wa ishirini sauti ilikuwa haitoki.

Mzee Msomaji
Visa vizuri. Lakini tusiufanye upendo wa Mungu uwe laini kupita kiasi. Hosea alihubiri ufalme wa kaskazini, karne ya 8 KK, na Samaria ikaanguka mbele ya Waashuru mnamo 722 KK. Onyo halikuwa maneno matupu.

Mwanzisha mada
Ni kweli mzee wangu, nakubaliana nawe. Naongeza moja tu. Ukisoma sura ya 11, Mungu anayetangaza hukumu hiyo ndiye anayekumbuka alivyomfundisha Efraimu, yaani Israeli, kutembea, akimshika mikono. Halafu anauliza atamwachaje, moyo wake unageuka ndani yake, na sababu anayoitoa ni hii: "mimi ni Mungu, wala si mwanadamu." Sisi tungetegemea neno hilo lihalalishe adhabu. Yeye amelitumia kueleza kwa nini hasira yake haifiki mwisho. Paulo alimwandikia Timotheo kitu kile kile, kwamba sisi tusipoamini, Yeye hudumu wa kuaminiwa, kwa maana hawezi kujikana mwenyewe.

Mgeni
Nimesoma yote. Mimi bado sijarudi. Nikipiga magoti sina la kusema, naona ni unafiki, kwa hiyo nanyanyuka.

Mwanzisha mada
Karibu sana, ndugu. Soma Hosea 14, mistari minne ya mwanzo. Mungu anawaambia watu waliojikwaa wachukue maneno wamrudie, kisha anawapa na maneno yenyewe, waseme nini: aondoe uovu wote, apokee kilicho chema. Hakuwaachia wayatunge. Na katika mstari wa 4 anaahidi kuwaponya huko kurudi nyuma kwao. Soma hivyo hivyo kama yalivyoandikwa, hata kama unaona si yako bado. Ukitaka mtu wa kusoma naye, mimi nipo jioni, niandikie faraghani.