Sarafu za babu: kuzipeleka kupimwa gredi, kumpa sonara au kuziuza zilivyo?

Mzigua_Tanga
Wakuu, nimerithi kopo la sarafu: heller (sarafu ndogo) za enzi ya Mjerumani tele, heller 20 za Tabora 1916, pesa za shaba za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye mizani, reale (dola ya fedha ya Maria Theresa) moja ya 1780, na ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Mnunuzi anasema bila kasha la PCGS au NGC (kampuni za Marekani zinazopima sarafu, kuzipa namba ya gredi na kuzifunga kwenye kasha) hanipi bei ya maana. Sonara yuko tayari kuipima ya dhahabu kwa tindikali leo hii. Mnashaurije?

RupiaMoja
Sonara hapana! Tindikali inaacha doa, na sarafu yenye doa hainyimwi tu namba nzuri: haipewi namba kabisa. Wapimaji wataandika ni halisi ila ina dosari, basi. Halafu hata feki inaweza kupigwa kwa dhahabu. Mwombe mzani wake tu. Tembo halisi ana gramu 7.17 hivi. Akipungukiwa sana, umeokoa nauli.

MlaHeller
Heller moja za 1904 hadi 1913 usizitume. Ada inazidi bei ya sarafu, bado bima na usafiri wa kwenda na kurudi. Na wale wapimaji hawapokei mzigo wa mtu hivi hivi, mpaka uwe mwanachama au upitie kwa wakala wao.

Mzigua_Tanga
Na za Tabora? Nyingine maandishi hayasomeki vizuri, nadhani zimekwisha.

MlaHeller
Si lazima. Zilipigwa vitani, Waingereza wameziba bahari, chuma na mashine ni za kuungaunga. Nyingi zilitoka hafifu siku ileile. Igeuzegeuze chini ya taa: kama pale palipofifia bado pana mng'aro, hapo si kuchakaa. Za shaba nyekundu zitenge, ni chache kuliko za shaba njano.

Bint_Maskati
Asalaam alaykum. Reale achana nayo, ndugu yangu. Hata zilizopigwa Vienna miaka ya karibuni zina 1780, kasha halitaifanya ya kale. Pesa za Barghash za 1299 Hijria (yaani 1882) ni nyingi mno, labda upate iliyobaki na wekundu wake, kwani kwa shaba wapimaji huandika na rangi. Na tafadhali msizisafishe, ndimu na majivu ziacheni jikoni!

Mchuuzi_wa_Mnada
Mimi napingana nanyi kidogo. Kwa nini Marekani? Wanaozitaka zaidi za Tabora ni Wajerumani, na wengi wao hawayapendi makasha, wanataka kuishika sarafu mkononi. Nyumba ya mnada yenye jina huko hudhamini uhalisia wenyewe. Na namba nayo si msahafu: sarafu ileile ikirudishwa inaweza kupata nyingine.

RupiaMoja
Hoja nzuri kwa mwenye jina kwenye minada. Mgeni mwenye tembo asiyejulikana alikotoka atapunjwa. Kwa huyo kasha linalipa, kwa wengine wote humo kopo ni anasa.

Mzigua_Tanga
Mzani umetoa 7.15. Naituma yenyewe tu.

MlaHeller
Safi. Usiifunge kwenye plastiki laini, zile huacha ukijani. Halafu weka picha ya upande wa tai: ncha ya pambo inaishia chini ya T ya OSTAFRIKA au chini ya A ya kwanza? Ni aina mbili tofauti, na ya A ilipigwa chache zaidi.