Mdogo wangu alinusurika boti kupinduka, sasa upepo ukivuma tu anatetemeka. Ni woga au ubongo?

Mwana_Kayenze: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa huku Kayenze, mwaka jana dhoruba iliwapindua usiku, akaokolewa asubuhi kang'ang'ania dumu. Tangu hapo si yule tunayemjua. Upepo ukigonga mabati anaruka kitandani, jasho chapachapa, moyo unamwenda mbio, na mkewe anafokewa kwa vitu vya ajabu ajabu tu. Mwaloni hakanyagi. Wenzake wanamwita mwoga, bibi anasema majini ya ziwa. Nifanyeje?

Jembe la Sengerema: Aombewe mkuu, ziwa lina mambo yake. Ila na yeye ajikaze, mwanaume anaogopaje upepo?

Nesi Nyegezi: Jembe, kuomba sawa, ila hilo la kujikaza hapana, linaniuma kwa kweli maana watu wengi wanaangamia kwa neno hilo. Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa amigdala, ndogo kama lozi, kazi yake kunusa hatari. Usiku ule ilishika upepo na mawimbi kuwa ni kifo, sasa ikisikia mabati yanagonga inapiga kengele kabla hata ubongo wa mbele haujapata nafasi ya kufikiri kwamba jamani niko kitandani. Neva zinaamsha tezi zilizo juu ya figo, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, jasho linatoka, na hakuna hata kimoja hapo alichokichagua yeye. Kuna mama mmoja Marekani, wanasayansi wanamwita S.M., ugonjwa uliharibu amigdala zake zote mbili, wakampeleka duka la nyoka akataka kuwashika, hana habari! Huyo naye tuseme ni jasiri kuliko mdogo wa Mwana_Kayenze?

Mwana_Kayenze: Dada asante. Na hasira je? Zamani alikuwa mpole sana.

Nesi Nyegezi: Analala kweli huyo? Asiyelala ubongo wake wa mbele unachoka, na huo ndio unaotuliza hasira. Kama anakunywa ili apate usingizi aache, pombe inauvuruga usingizi wenyewe. Kengele ikilia avute pumzi kawaida halafu aitoe taratibu, ndefu kuliko alivyoivuta, kuna neva inaitwa vagasi inapunguza mapigo ya moyo. Mwaloni msimburuze, aanze kwa mbali mchana ziwa likiwa shwari, akizoea anasogea. Ila kwa vile imeshapita miezi mingi mpeleke hospitali, Bugando wana idara ya afya ya akili, na aeleze yote pamoja na ndoto.

Mwana_Kayenze: Ndoto anazo kweli, anapiga kelele usiku. Wiki ijayo tunashuka mjini.

Nesi Nyegezi: Sawa kaka. Na shemeji akimwamsha asimshike ghafla, amwite jina lake kwanza akiwa pembeni kidogo.