Wazo baya limeniganda kichwani, naomba ushauri

Ndugu zangu, naishi Bombo, hapa Uganda, nina mtoto wa miezi minne. Tangu nijifungue, kila nikishika kisu kumenya matoke wazo linanijia: je, nikimchoma mwanangu? Hata kuliandika naumia. Mtoto huyu nilimsubiri miaka sita. Natetemeka, naficha kisu juu ya kabati, nanawa mikono, nasoma dua mara saba. Nikikosea hesabu naanza upya. Muda si mrefu limerudi. Siku hizi wifi yangu ndiye anayemenya, nimemdanganya kwamba kidole kinaniuma.

Mama mkwe akijua atasema ni mashetani. Shehe aliniambia ni wasiwasi, nisiufuate. Mkunga naye alinieleza kwamba ni maradhi yanayojulikana, na kadiri unavyolifukuza wazo ndivyo linavyozidi kurudi. Akasema halina maana kwamba moyoni nataka hivyo, bali linanitesa kwa sababu ni kinyume kabisa na ninachokitaka. Siku hiyo nililia sana.

Amenishauri niende Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Anasema kuna tiba ya mazungumzo, unazoezwa kukabili unachokiogopa bila kunawa wala kurudiarudia dua, na kuna dawa kama fluoksetini. Lakini nikionekana kule, mtaani nitaitwa kichaa.

Mliopitia haya, mume mlimwambiaje? Kuna aliyetumia dawa huku ananyonyesha, daktari alimwambia nini? Na ilichukua muda gani hadi mkaweza kushika kisu tena?