Kamisheni mmetunyang'anya, mbona kazi mmetuachia?

Wadau wa bima hapa Kenya, leo tusemezane bila kupakana mafuta. Kuna kampuni za bima ya afya zinazovunja mikataba na kampuni za uwakala (ofisi zinazowauzia bima kupitia mawakala), kisha zinamfuata mteja zenyewe kwa simu na kuiita hiyo "huduma ya kidijitali". Udijitali gani? Kinachowindwa hapo ni ile asilimia 10 ya kamisheni ya wakala.

Tupige hesabu, maana wengi wanadhani wakala wa bima ya afya analala kwenye pesa. Chukua familia yenye ada ya shilingi 100,000 kwa mwaka. Juu yake panaongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mfuko wa fidia kwa wenye bima wa asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Mteja analipa 100,490. Kamisheni inahesabiwa kwenye ile laki tu: 10,000. KRA, mamlaka ya kodi, inachukua asilimia 10 kabla hujaiona. Zinabaki 9,000. Kama uko chini ya kampuni ya uwakala na mnagawana 70 kwa 30, unaondoka na 6,300. Gawa kwa miezi 12: shilingi 525. Humo ndani toa nauli, salio la simu, na kuamshwa saa nane za usiku na mtu aliyesimama kwenye kaunta ya hospitali akiambiwa idhini ya kulazwa haijatoka.

Sasa, mawakala, tazameni mnavyopokonywa wateja. Kila bima kwenye mfumo wa kampuni ina nambari ya wakala aliyeileta. Ukifanya kazi chini ya kampuni ya uwakala, nambari hiyo si yako, ni yao. Jina lako liko kwenye karatasi ya Excel ya ofisini kwao, basi. Mkataba wao ukivunjwa, wateja wote walio chini ya nambari hiyo wanahamishiwa "mauzo ya moja kwa moja" kwa mpigo mmoja. Mteja haambiwi. Muda wa kuhuisha, yaani kulipia mwaka mwingine, ukifika anapata ujumbe wenye nambari ya Paybill, analipa, na wewe hujui hata kama amelipa. Bima ya afya ni ya mwaka mmoja mmoja: mwaka wa kwanza wakala anapanda, anavuna kwenye kuhuisha. Wanachoondoka nacho ndicho hicho cha kuvuna.

Haya, na kazi nani anaifanya? Ujumbe wa simu haujui kwamba mtoto wa tatu ametimiza miaka 18 na kwamba bila barua ya chuo kampuni nyingi zinamwondoa kwenye orodha. Mzazi anakuja kujua siku kijana amevunjika mguu. Ujumbe pia unatumwa kwenye laini ambayo mteja aliitupa. Bima inaisha, anashtuka wiki sita baadaye, analipa ada kamili akidhani ameendelea pale alipoachia. Hajaendelea, anahesabiwa mteja mpya. Magonjwa ya kawaida anangoja tena siku 30, uzazi miezi 10 hadi 12, na mwenye presha au kisukari mara nyingi anangoja mwaka mzima. Mama mwenye mimba ya miezi mitano hapo amekwisha, atajifungua kwa pesa ya mfukoni. Wakala anayejua kazi yake hupiga simu siku 30 kabla, siku 7 kabla, na siku yenyewe asubuhi. Hiyo ndiyo kamisheni ambayo nyinyi kampuni za bima mnasema ni gharama isiyo na faida.

Kituo chenu cha simu kikishindwa, mteja hapigi huko tena, anampigia aliyemuuzia. Anataka kujua dai limekataliwa kwa nini, kikomo cha meno kimebaki kiasi gani, na kwa nini anakatwa asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali, na bado alipe bima binafsi. Utamwambia nini? Kwamba si mteja wako tena?

Na nyinyi wenye kampuni za uwakala msijifiche nyuma ya kilio chetu. Mmewasainisha watu karatasi zinazosema mteja ni mali ya ofisi. Kamisheni inaingia kwa PIN yenu ya kodi, kwa hiyo cheti cha kodi iliyokatwa kinatoka kwa jina lenu. Wakala akifungua iTax, mtandao wa KRA, mwezi wa sita haoni chochote cha kuonyesha kwamba kodi ilishakatwa. Mmepigwa teke na kampuni kubwa, nanyi mnawaacha watu wenu bila hata orodha ya wateja waliowaleta.

Mawakala mlio bado ndani, fanyeni hili kabla barua ya kuvunja mkataba haijafika: tafuteni barua ya uteuzi wa wakala. Mteja ndiye anayeiandika, si wewe. Iwe na jina lake, nambari ya hati ya bima, tarehe, sahihi, na muhuri kama ni kampuni. Itamke kwamba amekuteua wewe kwa jina, si ofisi. Ipelekwe kama siku 60 kabla ya kuhuisha, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwa skimu za waajiri inasaidia sana kwa sababu ofisa rasilimali watu hataki kuhangaika na madai peke yake. Kwa familia moja moja ni vigumu, wengi hawaandiki barua. Na ukipewa mkataba mpya wa "njoo ufanye kazi nasi moja kwa moja", usisaini kabla ya kusoma panaposemwa kamisheni ya kuhuisha inakuwaje mkataba ukiisha. Pakiwa kimya, ujue hulipwi.

Linalochoma kuliko yote ni marejesho, yaani kudaiwa kurudisha kamisheni. Mteja aliyelipa 100,000 akivunja bima baada ya miezi mitatu, kamisheni ya miezi tisa iliyobaki inadaiwa: 7,500. Mkataba umevunjwa, mteja amechukuliwa, lakini deni linabaki kwa jina la wakala. Mwenye barua inayosema tofauti aiweke hapa, jina la mteja limefutwa.