Walizikataa bunduki zangu za sinema eti "siyo zenyewe", leo wanazikodisha Mwanjelwa. Ushahidi ninao, ni dole gumba langu

Wakuu, uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta, maana matusi yalizidi habari. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi nilishuka Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya, kutafuta msasa. Nikapita duka moja la kukodisha magauni ya harusi na vikorokoro vya kupigia picha za bethidei. Ukutani zimetundikwa bunduki nne nyeusi, zile za askari wa mavazi meupe kwenye filamu ya anga ya Star Wars, na karatasi imebandikwa: KUKODI 15,000 KWA SIKU. Nikamwomba dada wa pale anishushie moja. Nikaigeuza, nikaangalia mpini upande wa kulia, karibu na kona ya chini. Dole gumba langu hilo hapo, na mistari yake yote.

Kabla mods hamjaja mbio: hizi ni sanamu. Bomba la PVC, mbao na faibaglasi. Hazirushi hata punje ya mahindi, na mdomo wa mtutu nimeuziba na kuupaka rangi ya chungwa makusudi ili asitokee mtu wa kupaparika barabarani.

Mimi ni fundi bodi hapa Mbeya. Kazi yangu bampa, milango iliyobonyea, rangi. Faibaglasi nimeijua kwa bampa za Noah, siyo kwa sinema. Ila filamu za anga nazipenda tangu enzi za mabanda ya video, na ugonjwa wangu ni mmoja: nikiona silaha kwenye filamu lazima nijue imetokana na nini. Mke wangu ameshazoea. Nasimamisha picha, nasogelea runinga, yeye anaenda kulala.

Mwezi wa nne akaja jamaa wa studio (jina nalihifadhi kwa sasa). Wanapiga filamu fupi, wageni kutoka anga za juu wanafuata Kimondo cha Mbozi. Wazo zuri kabisa, sikatai. Anataka bunduki tano, nne za Star Wars na moja ya wale wanajeshi wa kwenye filamu ya Aliens. Tukaelewana laki sita kwa zote, akatoa laki mbili ya kuanzia. Kisha akanirushia picha kwenye simu na maneno yaliyonikera tangu siku hiyo: "Fundi usiumize kichwa, hizo ni bunduki za kubuni, duniani hazipo. We chonga zinazofanana."

Hazipo? Nikafungua picha, nikaona amenitumia midoli ya watoto.

Sikilizeni. Star Wars ya mwaka 1977 sehemu kubwa ilipigwa Uingereza, na silaha zilitoka Bapty, kampuni ya London inayokodisha silaha kwa watu wa filamu. Roger Christian, bwana wa kupamba seti, hela ya kuunda silaha za karne zijazo hakuwa nayo. Akachukua bunduki halisi, akazibandikia vyuma chakavu. Ile ya askari weupe ni Sterling, bunduki ya jeshi la Uingereza, ambayo magazini yake (kasha la risasi) inaingilia ubavuni kushoto badala ya chini. Wakaweka magazini fupi. Juu wakafunga darubini ya kifaru cha Marekani cha Vita Kuu ya Pili. Pembeni wakabandika kaunta ya Hengstler, kidude cha kuhesabia mizunguko ya mashine. Matundu ya mtutu wakayaziba kwa mikanda ya plastiki yenye umbo la T. Kwisha. Na kwa kuwa ndani bado ni Sterling, walifyatua risasi baridi, zile za mlipuko tu, na ukikazia macho kuna mahali unaona maganda yakiruka. Bunduki ya mwanga inatema maganda!

Ile bastola ya Han Solo, yule rubani wa kwenye filamu hiyo hiyo, nayo ni Mauser C96 ya Mjerumani, muundo wa mwaka 1896, imewekewa darubini na mdomo wa bunduki ya kwenye ndege. Mimi kwetu Iringa, niruhusuni niseme: Mauser ni hao hao walioziunda bunduki walizobeba askari wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo mwaka 1891, ambazo Mkwawa alizizoa baada ya kuwafyeka. Kwa hiyo mtu asije kuniambia haya ni mambo ya kizungu yasiyotuhusu. Bastola ya mtu wa anga za mbali na bunduki zilizookotwa na babu zangu zimezaliwa nyumba moja.

Nikamweleza yote hayo jamaa wa studio. Akajibu kwa emoji ya kucheka. Ila akasema, "Sawa fundi, fanya unavyojua wewe." Hilo neno nimelitunza, lipo kwenye simu.

Nikafanya ninavyojua mimi. Sterling ikikunjwa kitako ina urefu wa kama milimita 480, nikaanzia hapo. Bomba la PVC la milimita 40, limezidi kidogo unene wa ile ya kweli lakini hilo ndilo lipo madukani. Matundu nikayatoboa moja moja kwa drili baada ya kuzungushia karatasi yenye vipimo. Mikanda ya T nikakata kwenye reli za pazia. Kaunta nikaichonga kwa mti, namba zake kwa kisu. Mpini nikauchonga kwa mpaina wa Sao Hill, na hapo ndipo patasi ilipoteleza ikala kipande. Nikajaza bodi fila (ile lipu ya kuzibia mabonde ya gari), nikaikandamiza kwa dole gumba ikiwa bado mbichi, nikajisemea nitapiga msasa kesho. Kesho yake umeme ulikatika, nikashika mambo mengine, nikasahau. Nikaja kumwaga silikoni ya moldi juu yake, yaani kalibu ya kutolea nakala. Silikoni haisahau kitu wakuu. Inakamata hata unywele. Basi bunduki zote nne nilizozitoa kwenye moldi hiyo zikatoka na alama ya kidole changu.

Silikoni yenyewe niliiagiza Dar ikaja na basi. Bei sitaki hata kuitaja, roho itaniuma upya. Wiki tatu nzima, usiku baada ya kazi za gereji.

Ile ya Aliens ya mwaka 1986 ndiyo iliyoleta kisirani. Ndani yake kuna Thompson, bunduki ya Vita Kuu ya Pili, chini yake imepachikwa shotigani ya Remington 870 iliyokatwa, na lile ganda la mbele limechukuliwa kwenye shotigani ya Kiitaliano, SPAS-12. Rangi yake halisi ni kahawia. Kwenye filamu inaonekana ya kijani kwa sababu ya taa na namna picha ilivyopigwa. Mimi nikapaka kahawia, maana ndiyo rangi iliyopakwa.

Nikapeleka mzigo. Bosi wa studio akaishika ile moja akaigeuzageuza.

"Fundi, mbona ya kahawia? Kwenye filamu ni ya kijani."

"Bosi, kijani kile ni cha kamera. Mkipiga kwa taa za bluu itatoka vilevile."

"Mimi nataka ninachokiona."

Nakiri, ningepaka kijani siku ileile pengine tungemalizana. Kopo moja la rangi, nusu saa. Nilikaza shingo. Lakini wao wakakaza kwa zote tano! Wakatoa simu na ile picha ya mdoli, wakaanza kulinganisha: mdoli hauna matundu mengi hivi, kaunta ya mdoli ni kubwa zaidi, siyo zenyewe. Bunduki yangu imefuata ile ya kwenye filamu, halafu inapimwa kwa mdoli uliokosewa. Ni kama upike makande kwa mkono wa mama yako, mtu akwambie hayafanani na ya kopo.

Wakasema waachiwe "wakatafakari". Zikakaa kwao siku tisa. Siku ya kumi nikaitwa kuzichukua, mradi umeahirishwa, na niwarudishie laki mbili yao. Nikarudisha laki na nusu, hamsini nikaishikilia ya resini, ule uji wa faibaglasi. Mpaka leo nikikumbuka nilivyohesabu zile noti mbele yao najiona zoba.

Sasa tulieni hapa, maana wapo wataosema fundi ana wivu. Bunduki zangu nne zipo nyumbani, juu ya kabati, zimefungwa kwenye kitenge. Sijauza hata moja. Hizo nne za dukani zimetoka wapi na kidole changu?

Nilirudi Jumatatu na kanda ya kupimia na vernia, nikajifanya mteja. Yangu ina milimita 482. Ya dukani 476. Fundi yeyote wa faibaglasi anajua resini ikikauka inasinyaa. Ukitoa moldi kwenye kitu ambacho chenyewe kilitoka kwenye moldi, kinazidi kupungua. Mtoto hawezi kumzidi baba. Halafu namba za kaunta yangu zilikuwa kali, zao zimefubaa kama shilingi ya zamani, na chini ya kifyatulio kuna viputo vya hewa, kazi ya mtu aliyemwaga resini kwa pupa. Kwa hiyo zile siku tisa za kutafakari walikuwa wanamwaga silikoni.

Ujanja huu wa kutambua kitu kwa vipimo na alama zake sikuuvumbua mimi. Bastola ya Deckard, yule mpelelezi wa kwenye filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, watu waliisumbukia miaka mingi. Walishajua kwamba juu ni bunduki ya kuwindia ya Steyr, ndiyo maana ina vifyatulio viwili, na chini ni bastola ya Charter Arms. Ila yenyewe haikujulikana ilipo. Ilipooneshwa hadharani Marekani mwaka 2006, wajuzi waliipima kwa picha za filamu, skrubu kwa skrubu, ndipo wakakubali. Na bastola ya Han Solo ya filamu ile ya kwanza iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni moja. Kule alama ndogo ndiyo inayotenganisha mali na takataka. Huku nikionesha alama ya kidole changu mwenyewe naambiwa "fundi, hiyo ni bahati mbaya imefanana".

Nilipompigia bosi akanipa jibu analoliona ni la mwisho: "Hata wewe umekopi kwa Wazungu, unalia nini?" Nikakaa nalo usiku kucha, maana lina ncha. Ndiyo, umbo siyo langu, na sijawahi kusema ni langu. Waliolibuni nao walichukua Sterling ya watu. Lakini mimi nilianza na bomba, mbao na picha. Wao walianza na jasho langu, wakanirudishia, halafu nikawalipa laki na nusu kwa kuniibia! Kama kukopi ni rahisi, wangechonga wenyewe.

Nimekwenda ofisi moja ya serikali kupeleka malalamiko. Mzee wa pale akanisikiliza vizuri tu, akaandika, kisha akavua miwani: "Kijana, hizo bunduki nne zina kibali?" Nikaeleza upya kuanzia bomba la PVC. Mara ya tatu nikaaga.

Ninachotaka siyo makubwa. Laki sita tuliyoelewana, maana mzigo wameupokea na unawaingizia hela. Au moldi ile iletwe gerejini niikate vipande kwa mkono wangu, na hizo nne zishuke ukutani. Wanasheria wa humu, mtu kama mimi anaanzia wapi? Nina picha, vipimo na meseji zote.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Kuna mkuu kanipigia, amepita pale jioni. Zimeshushwa. Ukuta mtupu, karatasi ya bei wameibandua. Kama ni zenu, mmezishushia nini? Dada wa dukani kasema zimepelekwa "mkoani". Basi ndugu zangu wa Tukuyu, Makambako, Njombe, Iringa, ukiiona popote geuza mpini upande wa kulia, sentimita mbili juu ya kona ya chini. Kidole hicho mistari yake imekatika katikati kwa mshazari. Ni kovu la grainda.