Ulikula au ulikunywa nini, meno yakakuumbua? Tupeane uzoefu

Mzaramo Halisi: Wakuu, zambarau zimeshajaa mitaani, mafungu kwa mafungu na chumvi pembeni. Jana jirani yangu katoka kuzibugia, kapitiliza msibani. Kufungua mdomo kutoa pole, ulimi na meno zambarau tupu, wafiwa wakashindwa kujizuia. Nikajua humu tuko wengi. Chai, kahawa, tambuu, ubuyu, mirungi, semeni.

Bi Mkunduchi: Tambuu, mwanangu. Kwetu wazee wanatafuna tangu asubuhi: jani, popoo, chokaa, katu, na tumbaku kwa anayeiweza. Na ule wekundu hautoki kwenye jani, unatoka popoo ikikutana na chokaa. Meno yao yameiva na hakuna aliyewacheka.

Mtu Mkavu: Popoo inaleta saratani ya mdomo, bibi. Hata taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliitangaza hivyo mwaka 2004.

Bi Mkunduchi: Tunaulizwa rangi, wewe unaleta jeneza.

Chai Kavu: Mimi chai ya rangi, asubuhi mpaka usiku. Meno kwa nyuma yamekuwa ya kahawia. Ila huko nyuma nani anachungulia?

Nakupenda Arumeru: Nyie wa zambarau mnasukutua mnalala. Mimi nimezaliwa pande za Maji ya Chai, huku Arusha, meno ya mbele yana mabaka ya kahawia tangu yalipoota. Nilipokwenda shule ya bweni Morogoro, usiku wa kwanza binti mmoja wa Dar akanipa mswaki mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Kwa upendo kabisa. "Chukua dada, mama kaniwekea miwili." Nikapokea, nikashukuru, midomo nimeibana. Kesho yake akaniangalia napiga mswaki, akanisubiri niteme, akanitazama tena meno. Hakusema kitu. Hapo ndipo nililia.

Nimesugua kwa majivu, mkaa wa kusaga, chumvi, ndimu na magadi mpaka fizi zikatoa damu. Baka halikutikisika. Ukubwani ndiyo daktari akanieleza kwamba ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji tuliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajengwa ndani ya fizi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kwetu kuna chemchemi na visima vinavyopita hapo mara kadhaa. Na magadi tunayotia kwenye makande nayo yanaongeza. Kwa hiyo mtu akiniambia "punguza chai, dada", namwangalia tu.

Kijana wa Sinoni: Umeandika ya kwangu. Picha za mahafali zote nimenuna.

Tabibu wa Meno: Dada wa Arumeru yuko sahihi, hiyo haisuguliki. Imo ndani ya jino lenyewe, dawa yake iko kliniki: kung'arisha au kufunika jino kwa vijazo vya rangi yake. Ya chai na kahawa ni tofauti, ile inaganda juu na kusafishwa inatoka. Chai ya maziwa inachafua kidogo kuliko ya rangi. Na ukila ndimu au ukwaju, usikimbilie mswaki, subiri kama nusu saa, maana tindikali imeshalainisha jino.

Chai Kavu: Mimi napiga palepale na sijafa.

Mzee wa Mswaki wa Mti: Tafuneni miwa. Zamani meno yalisafishwa na muwa.

Tabibu wa Meno: Muwa ni sukari, mzee wangu.

Abiria wa Dirishani: Ngojeni niwape la ubuyu. Basi la Tanga kwenda Dar, mchana, joto. Mbele yangu mama kasinzia, kapakata mtoto wa miaka kama minne, naye kalala mdomo wazi. Udenda mwekundu unamshuka mpaka kwenye gauni jeupe la mama. Mzee wa siti ya pembeni akapiga ukelele: "Mtoto anatapika damu!" Basi zima wima. Mama kushtuka, kumfungua mtoto mdomo, meno mekundu, ulimi mwekundu. Akaanza kumlilia baba wa mtoto. Dereva akakata kona Chalinze, moja kwa moja zahanati.

Muuguzi akafuta yale meno kwa pamba. Akainusa pamba. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kaptula ya mtoto, akatoa kokwa za ubuyu zimegandana na sukari. "Mama, huyu kala peke yake?" Mtoto akafumbua macho: "Nimembakishia dada."

Kijana wa Sinoni: NIMEMBAKISHIA DADA 😂😂😂

Mzaramo Halisi: Na yule mzee aliyepiga kelele?

Abiria wa Dirishani: Aliomba kokwa moja.

Mgogo wa Kweli: Ubuyu wa asili ni mweupe, njooni Dodoma mwone. Rangi mnatia nyie Waunguja, halafu watoto wa watu wanakimbizwa zahanati.

Bi Mkunduchi: Tunatia rangi, tunatia iliki na pilipili manga, na bado mnavuka bahari kuufuata.

Nakupenda Arumeru: Samahani, mmenisahaulisha. Tabibu, nina mtoto mdogo. Nikimchemshia maji inatosha?

Tabibu wa Meno: Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki sufuriani. Mpe maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachoshughulika na uchujaji huo.

Mtu Mkavu: Mifupa ya nani?

Tabibu wa Meno: Ya ng'ombe, ndugu yangu.

Nakupenda Arumeru: Basi nitamwambia mume wangu tununue simtanki kabla ya masika. Ila yeye mtu wa Singida, haya ya floraidi anaona ni maneno ya Wameru.

Tabibu wa Meno: Singida nako ipo. Mwambie afungue mdomo kwenye kioo.