Tupeane uzoefu: kazi yako ya usanifu inachota wapi kila siku?

Mwanzisha mada

Wadau, habari za kazi. Nina miaka 12 nasanifu mabango na majalada, na kila ninapoulizwa "mawazo unayatoa wapi?" najibu kwa jumla mpaka naona sijasema kitu. Hapa tutaje kitu chenyewe: ulikiona au ulikisikia wapi, na kiliingiaje kwenye kazi.

Naanza. Kwangu ni lino, lile zulia gumu la sakafuni (linoleamu) unalolichonga, ukalipaka wino na kulichapa kama muhuri. Nilikwama kwenye bango la muziki, skrini imejaa rangi 6 na vivuli juu ya vivuli. Usiku nikazima kompyuta, nikachukua kipande cha lino na patasi ya mdomo wa V, nikaanza kuchonga neno TAMASHA. Kwenye lino unachoondoa ndicho kitakachobaki cheupe, na ukishakiondoa hakirudi. Herufi nazo unazichonga kinyume, kwa hiyo mbele yangu palikuwa na AHSAMAT. T, A, M na H hazibadiliki zikigeuzwa; S peke yake ndiyo inayodanganya mkono. Neno lilipoacha kusomeka nikabaki na maumbo tu, na hapo nikaona pengo la T na A ni pana mno. Siku 3 nilikuwa nalipita kwenye skrini!

Wino nao unausikia. Ukiwa wa kutosha, rola inatoa sauti nyembamba ya kunata. Ukizidi, sauti inakuwa nzito na mistari myembamba inaziba. Nilichapa kwa kusugua mgongo wa kijiko, rangi 1 tu. Hilo ndilo mteja alilochagua.

Mchangiaji 1

Hapo kwenye herufi umenigusa, mkuu. Mimi ni majalada ya santuri. Zamani santuri nyingi ziliuzwa kwenye makasha yasiyo na picha, mpaka mwaka 1940 Alex Steinweiss, kijana wa miaka 20 na kitu, alipoanza kuyachorea ya kampuni ya muziki ya Columbia, Marekani. Namheshimu sana kwa hilo.

Kila asubuhi kabla ya kazi nasimamisha jalada moja mwisho wa chumba na kucheza upande wa kwanza. Ni mraba wa kama sentimita 30. Najiuliza jicho limetua wapi kwanza, na je, ningeliona tu bila kusikia, ningejua muziki huu ni wa haraka au wa taratibu? Kisha naweka kazi yangu ya jana palepale. Nyingi hazivuki mtihani huo, nazirudia.

Mchangiaji 2

Mimi hupiga ngoma, na gridi, ile mistari isiyoonekana inayogawa ukurasa, niliielewa kupitia mapigo. Tazameni bango la tamasha la muziki wa Beethoven alilosanifu Mswisi Josef Müller-Brockmann, la mwaka 1955: matao yanazidi kunenepa kama sauti inayopanda, na hakuna hata ala moja iliyochorwa. Tangu nilione, ukurasa wa safu 4 nauhesabu kwa mguu, kichwa cha habari nakiweka nje kidogo ya pigo. Na pale pa kunyamaza nanyamaza kweli, sijazi.

Mchangiaji 3

Dada yenu nimejifunza kwa maumivu. Nakala 200 za kijitabu zilirudi kutoka kwa mchapaji, rangi ya waridi imehama milimita 2 na kila uso una kivuli cha midomo. Nililia. Baadaye nikaelewa mashine ya rizo (Risograph), inayochapa rangi moja moja: kila rangi ina ngoma yake, yaani silinda ya wino, karatasi ikipita tena haitui palepale kabisa. Siku hizi naacha rangi zilaliane kwa makusudi, bluu juu ya njano inipe kijani bila kuongeza ngoma ya tatu. Karatasi za majaribio, zile zinazochapwa kazi moja juu ya nyingine mpaka hazina mpangilio, naziomba zote. Nimezijaza droo nzima, na nikikosa rangi naanzia humo.

Mchangiaji 4

Mkuu mwanzisha mada, kwa anayeanza lino, patasi ngapi?

Mwanzisha mada

Mbili zinatosha, ndugu yangu: ya V kwa mistari na ya U kwa kusafisha sehemu pana. Lino likiwa gumu liweke juani kidogo, litalainika. Na mkono unaoshikilia ukae nyuma ya patasi muda wote. Ukichapa ya kwanza ituwekee hapa, hata kama S imegeuka.